"Nataka anuse": 'she' na 'her' kwa sisi tuliokulia kwenye Kiswahili

Mwanafunzi wangu mmoja hutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huko Kizimbani, Unguja. Siku moja nilifuatana naye ili nimsikilize akiwa kazini. Alibandua gome la mdalasini kwa kisu, akalivunja kipande, akamgeukia mgeni mmoja aliyekuja na binti yake mdogo, akasema: 'I want she smell this.' Mgeni alielewa, mtoto akanusa, safari ikaendelea. Lakini jioni darasani tulikaa na sentensi ile moja karibu saa nzima, kwa sababu nilijua ilikotoka. Mimi mwenyewe niliisema hivyo hivyo kwa miaka.

Imetoka kwenye "nataka anuse". Kwetu sisi kila kitenzi hubeba mtendaji wake mgongoni: anuse, tunuse, wanuse. Tukiingia kwenye Kiingereza tunatafuta neno la kuweka pahala pa ile "a", tunalikuta 'she', tunaliweka. Na skuli tulikaririshwa kwamba kiwakilishi kikitangulia kitenzi huwa 'I, he, she, we, they', na kikifuata kitenzi au kihusishi (maneno kama 'to' na 'with') huwa 'me, him, her, us, them'. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kuanzia, ila mwanafunzi akiishia hapo itamwangusha. Kiingereza sahihi ni 'I want her to smell this.' Hapo 'her' imetangulia 'smell', na bado ni 'her'.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawaambia waache kuangalia kiwakilishi kimekaa mbele au nyuma. Waangalie kile kitenzi kinachokuja baada yake. Je, kimevaa wakati? 'Smells', 'smelled', 'will smell': vitenzi hivi vinadai mtendaji wao wenyewe, na mtendaji huyo ni 'she'. Kikiwa ni 'to smell', au kimebaki kitupu baada ya maneno kama 'let', 'see', 'hear' na 'watch', hakidai chochote. Kiwakilishi kimeshakamatwa na kitenzi cha kwanza, ndiyo maana kinageuka. 'Let him try.' 'I saw them leave.' 'She told us to wait.' Mkwezi akianza kupanda mnazi, mwambie mgeni 'Watch him climb', usiseme 'Watch he climb', ingawa kichwani mwako unasikia "mtazame anavyokwea".

Tatizo ni kwamba 'I hope' na 'I think' zinafanana kwa sura na 'I want', lakini hazina tabia moja. 'I hope she comes', 'I think they know'. Ukitatizika, jaribu kupenyeza 'that'. 'I hope that she comes' inasimama vizuri. 'I want that she comes' haisimami, na hiyo ndiyo dalili kwamba unahitaji 'her to come'. Nakiri hili halijifunzi kwa siku moja. Mimi lilinikaa baada ya kusema kwa sauti sentensi kumi kila asubuhi njiani kwenda kazini, mpaka ulimi ukazoea.

Sasa vihusishi. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Hatusemi "kwa mimi", tunasema "kwangu". Hatusemi "kabla ya sisi", tunasema "kabla yetu". Masikio yetu yanajua tayari kwamba baada ya maneno ya namna hii kiwakilishi hubadili nguo. Chukua 'before' na 'after', ambayo huwachanganya wengi kwa sababu kila moja lina kazi mbili. Umechelewa bandarini Malindi, unakuta boti ya Pemba imeshaondoka. Utasema 'The boat left before we arrived', maana ni "kabla hatujafika", kuna kitenzi kinachomdai mtendaji. Lakini wale waliokutangulia kupanda, 'They boarded before us', yaani "kabla yetu". Kwa maneno haya mawili, isemee sentensi kwanza kwa Kiswahili. Ukipata "yangu, yake, yetu, yao", andika 'me, him au her, us, them'. Ukipata kitenzi kamili, andika 'I, he, she, we, they'.

Peke yake, kihusishi hakitusumbui sana. Sijapata kumsikia mwanafunzi akisema 'with I'. Balaa linaanza watu wakiwa wawili.

Nilipomaliza skuli niliandika barua ya kuomba kazi hoteli moja ya pwani ya mashariki, na ndani yake niliweka sentensi niliyoiona nzuri kuliko zote: 'Your manager explained the work to my friend and I.' Nilikuwa nimesahihishwa mara nyingi sana kila niliposema 'Me and my friend went', mpaka nikaamini kwamba 'me' ni neno la watu wasiosoma. Mjomba wangu, aliyefanya kazi melini miaka mingi, aliisoma barua ile barazani, akafunika kwa kidole maneno 'my friend and'. "Hebu soma bila ya huyu mwenzako, mwanangu." Nikasoma: 'explained the work to I.' Nilisikia mwenyewe. Barua nilikuwa nimeshaipeleka nakala yake, na kazi sikuipata. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya neno lile, lakini kidole cha mjomba sijakisahau, na mpaka leo ndicho ninachofundishia. Mwondoe mwenzako, usome, halafu mrudishe. Hufaa pia kwa upande wa pili: 'Me went' hakuna asemaye, basi kwenye maandishi rasmi andika 'My friend and I went.'

'Between you and I' ni kosa la jamaa moja na hilo, na lina mtego wake. 'You' haibadiliki, kwa hiyo sikio halipati onyo lolote. Zamani ilibadilika: katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mtendaji ni 'ye' na mtendwa ni 'you', lakini 'ye' ilikufa. Kuna mwanafunzi aliyenijibu kwamba hata Shakespeare ameandika 'between you and I'. Ni kweli, imo katika barua ya Antonio, kwenye tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Na Waingereza wengi wa leo husema hivyo hivyo. Hata hivyo, mtu anayesahihisha mtihani wako au kupitia barua yako ya kazi hatakuhesabia kama Shakespeare. Andika 'between you and me', hakuna atakayekukosoa popote.

Kwenye mazungumzo nalegeza. Ukikaa Forodhani usiku utawasikia vijana wa Uingereza wakisema 'Me and him are going', usiwasahihishe. Ukigonga mlango ukaulizwa nani, jibu 'It's me'. 'It is I' itamshangaza mwenyeji. 'Taller than me' ni sawa kabisa. Ukimuuliza mgeni 'Who did you come with?' umesema vizuri. 'Whom' ihifadhi kwa pale kihusishi kinapoitangulia, 'With whom did you travel?', na mara nyingi hiyo ni kwa maandishi.

Lililobaki naliona kila wiki kwenye ujumbe wa wanaopokea wageni: 'Please call Fatma or myself.' Wanakimbia 'I' na 'me' zote mbili, wanajificha nyuma ya 'myself', wakidhani ndiyo heshima. Heshima iko kwenye 'please'. 'Myself' ina kazi yake pale unapojitenda mwenyewe, 'I cut myself', au unapotilia mkazo, 'I cooked it myself'. Hapa andika 'Please call Fatma or me.' Mfunike Fatma kwa kidole, isome, mfunue, tuma.