Futa jina la huyo mwigizaji kwanza, ndipo ulipe

Mkuu, weka chini hiyo kadi ya benki. Usilipe kitu. Umeandika kwamba hujawahi kuhudhuria tamasha la mashabiki wa Star Trek, zile tamthilia na filamu za safari za anga za mbali, umeona jina la mwigizaji unayempenda tangu utotoni kwenye orodha ya wageni, na unataka leo hii hii ununue tiketi ya dhahabu ya wikendi nzima, picha naye, saini yake, ndege ya nauli isiyorudishwa na hoteli ya bei ya mapema isiyofutika. Halafu mwishoni ndiyo ukauliza uvae nini, ufike saa ngapi na kama mwanao wa miaka saba ataweza kuvumilia. Hayo ya mwishoni yangoje. Hilo la juu ndilo litakalokuliza.

Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa tiketi, kule kwenye herufi za kusomea kwa darubini. Utakuta mambo mawili: wageni wanaweza kubadilika wakati wowote, na tiketi ikishanunuliwa hairudishwi. Kila moja peke yake haina neno. Yaweke pamoja sasa: yeye anaweza kughairi, wewe huwezi.

Mimi niliyasoma yote mawili. Sikuwa mjinga kiasi hicho, nilikwenda kuuliza. Na hapo ndipo nilipoingizwa mjini, maana nilimuuliza bingwa mmoja kwenye kundi la mashabiki, yule wa kila kundi, mwenye picha na nusu ya waigizaji wa Star Trek na jibu la kila swali. Nikamwambia, kaka, huyu mtu ndiye pekee ninayemfuata, ikitokea hakuja itakuwaje? Akanijibu, "Yule? Hajawahi kuangusha watu hata siku moja. Nunua sasa, nafasi zinakwisha." Nikanunua. Kila kitu. Picha, saini, kiti cha mbele, ndege, hoteli ya jirani na ukumbi kwa malipo ya mapema yasiyorudishwa kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo. Kidogo tu, ndiyo inayouma.

Jumatano kabla ya tamasha nilikuwa napiga pasi sare yangu nyekundu ya Star Trek. Simu ikalia. Tangazo la mistari mitatu: kutokana na majukumu ya kikazi mgeni wetu hataweza kuungana nasi, tunaomba radhi, tutawatangazia mgeni mwingine hivi karibuni. Na chini yake kikatuni cha uso unaotoa chozi. Nililitazama lile chozi mpaka pasi ikaacha alama kifuani pa ile sare.

Sasa fuatilia hela ilivyokwenda, kwa sababu hapa ndipo wengi hamuelewi. Ya picha ilirudi. Ya saini ikarudi pia, baada ya barua pepe za kutosha. Ukiwaona waandaaji hapo utasema ni waungwana. Lakini hizo zilikuwa hela ndogo! Tiketi ya kuingia haikurudi, kwa hoja kwamba tamasha lenyewe lipo pale pale, na kisheria wewe ulinunua mlango, hukununua mtu. Ndege haikurudi. Hoteli nikapiga simu kujaribu bahati, nikamweleza dada wa mapokezi kwamba safari yangu yote ilitegemea nahodha wa chombo cha anga na nahodha hatakuja. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kwa adabu zote kama huyo nahodha naye alikuwa na chumba kwa jina lake.

Cheka tu. Mimi nilichekea baadaye sana.

Na yule bingwa? Nikamwandikia. Akajibu, "Ndiyo ushabiki huo, zoea." Zoea! Baadaye nikaja kugundua anakaa karibu na ule ukumbi, anakwenda kwa basi, na tiketi yake ni ya siku moja anayoinunua asubuhi mlangoni akishahakikisha nani amefika. Yaani mtu hajaweka senti moja hatarini, lakini ndiye anayewasukuma wenzake wajitose. Watu wa namna hii wamejaa kila kundi, na nimeona wawili humu humu kwenye uzi wako wakikuambia "changamkia fursa". Waulize wao wamelipa nini mpaka sasa. Usikie kimya.

Mwigizaji mwenyewe simlaumu sana. Kwenye matamasha ni jambo la kawaida mgeni akubali kuja kwa sharti kwamba kazi ya kurekodi ikitokea, kazi kwanza. Na ratiba ya kurekodi haimuulizi hata yeye mwenyewe. Au unatokea mgomo: mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia tarehe 14 Julai mpaka 9 Novemba, na wakati huo hawakuruhusiwa kutangaza filamu na tamthilia za studio zilizoguswa na mgomo. San Diego Comic-Con, tamasha kubwa la mashabiki kule Marekani, ilifanyika tarehe 20 hadi 23 Julai hiyo hiyo, ikapwaya majina makubwa. Walionunua kwa ajili ya majina hayo walijua watakosa nini siku chache tu kabla.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na ndiyo pekee niliyo nayo: kabla hujalipa chochote kisichorudi, chukua orodha ya wageni, ulifute lile jina unalolipenda. Soma kilichobaki. Bado unataka kwenda? Lipa, tena kwa furaha. Umebaki unaona safari haina maana? Basi usilipe, au lipa vile vinavyofutika tu. Hakuna cha "lakini mara hii amethibitisha". Kuthibitisha ndiyo hatua inayotangulia kughairi.

Hata uwezekano wa kughairi haufanani. Mwenye tamthilia inayorekodiwa sasa hivi, huyo mhesabu kama mgonjwa mahututi. Lakini tamthilia za zamani za Star Trek zilishakwisha: The Next Generation ilimalizika mwaka 1994, Deep Space Nine mwaka 1999. Waigizaji wa huko kwa uzoefu wangu ndio wanaokuja, na wanakuja na visa vya kusimulia. Ila hata hao, futa jina kwanza.

Nilikwenda hata hivyo, kwa kuwa nauli ilishaliwa. Wikendi yenyewe sikuijutia, nilijutia gharama. Kikao kilichonishika kuliko vyote kilikuwa cha mama mmoja wa vipodozi, akieleza jinsi ya kubandika paji la uso la Kiklingoni, la wale viumbe wa sayari nyingine kwenye Star Trek, bila kuacha mshono kuonekana, na ukumbi ulikuwa nusu tupu. Kwenye korido kulikuwa na jamaa wanapiga soga kwa Kiklingoni chenyewe, ile lugha ambayo mwanaisimu Marc Okrand aliiunda kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984, na walikuwa wanabishana kuhusu sarufi kwa hasira kabisa. Hayo hayaghairi. Hayamo hata kwenye bango.

Tiketi ya dhahabu: usidhani ni kila kitu. Mara nyingi ni kiti chenye namba na foleni fupi, picha zinauzwa kando. Soma kilichoandikwa, siyo rangi.

Na hata mgeni wako akija, ujue unanunua nini. Picha: mnapangwa kwa makundi, unaingia nyuma ya pazia, mkoba unautupa kwenye meza ya pembeni, unasimama kwenye mkanda uliobandikwa sakafuni, taa inamweka, "anayefuata!" Umeshatoka. Niliyepigwa naye picha mwishowe, yule mgeni wa kuziba pengo, sijui hata kama aliniona. Saini ni tofauti. Pale mezani msaidizi anakuandikia jina lako kwenye kikaratasi cha gundi ili mgeni asikosee herufi, na mgeni mwenyewe anapotia saini anakutazama usoni na unapata nafasi ya kusema neno. Ukitaka kuongea naye, nunua saini. Picha ni ya kuwaonyesha watu.

Kufika, fika mapema kuliko unavyodhani. Waandaaji wa tamasha la New York la Januari 1972, lile linalohesabiwa la kwanza kubwa la Star Trek, walitarajia watu mia kadhaa wakapata maelfu. Foleni ni ugonjwa wa kuzaliwa nao.

Vazi, vaa chochote ila viatu viwe vya kutembelea. Mtoto sina, waulize wenye watoto.

Wewe sasa hivi fungua ukurasa wa ile hoteli utafute chumba kinachofutika bure, uangalie mwisho wa kukifuta bure ni lini. Mwisho huo ukiwa ni kabla ya Jumatano ya wiki ya tamasha, tafuta kingine, maana mgeni wangu alighairi Jumatano.