Furaha iliniishia, nikaikuta kwenye foleni ya maji

Mwaka ule nilipompoteza mtoto mimba ikiwa na miezi saba, kila aliyekuja kunipa pole alikuja na ushuhuda wake, mara fulani alipoteza wawili na leo ana mapacha, mara funga siku saba utaona, mara kuna mtumishi mahali anauza maji ya upako buku mbili tu. Nikanunua. Mengine nikanywa mengine nikanawia uso, na sibishi watu wanapokea kwa njia zao, ila mimi niliambulia chupa tupu na kinyongo. Kanisani nikawa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, ukifika muda wa shuhuda natoka kama nimepigiwa simu.

Sasa mtaani kwetu maji yanatoka siku mbili kwa wiki, yakiamua, na bombani unaweza kukaa saa tatu ndoo yako imepanga mstari kama mtu mzima. Siku moja nikafungua Biblia ya kwenye simu ili tu watu wasinisemeshe, nikaangukia Yohana sura ya pili, ile harusi ya Kana ya Galilaya. Naijua tangu utoto, divai imeisha, Yesu akageuza maji, basi. Lakini ukiisoma ukiwa kwenye foleni ya maji inakuwa habari nyingine bwana. Macho yakaganda kwenye yale mabalasi sita ya mawe, ile mitungi mikubwa ambayo Yesu aliwaambia watumishi waijaze maji, kila moja nzio mbili au tatu. Nzio ndo nini? Nikagugo, kumbe nzio moja inakaribia lita 40, yaani balasi moja lita 80 mpaka 120, yote sita kama lita 480 mpaka 720 hivi. Nikagawanya kwa ndoo yangu ya lita 20. Ndoo 24 mpaka 36!

Nikamgeukia jirani yangu, yeye Mwislamu, hii habari hakuwahi kuisikia, nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye mabalasi ya kutawadhia akasema aah, kumbe ya udhu, na mimi wa kanisani miaka yote sijawahi hata kujiuliza yale mabalasi yaliwekwa pale ya nini. Halafu akashika kiuno, "Shoga, yaani wageni wanadai vinywaji, hao vijana wanaambiwa wakateke ndoo thelathini? Na kamati ya harusi iko wapi? Mi ningezira."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Miezi minne sikuwa nimecheka.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo, ukisoma habari ya muujiza usikimbilie kiti cha aliyepokea, tafuta waliobeba. Mkuu wa meza alionja akasifia na hakujua imetoka wapi, bwana harusi akapewa sifa za kitu asichokijua, ila Yohana anasema watumishi walioyateka yale maji walijua. Wa jikoni! Na kumbuka walivyokuwa wanajaza yalikuwa maji tu, hakuna aliyeona dalili yoyote, ni mgongo unauma na balasi halijai. (Na tafadhali msinianzishie ule mjadala wa kama ilikuwa na kilevi, nimechoka nao.)

Kingine ni ile sala ya Maria, mama yake Yesu, divai ilipoisha pale harusini. Maneno mawili. "Hawana divai." Mimi nilikuwa naomba lisaa lizima na nusu yake namwelekeza Mungu kama namwelekeza bodaboda, kata kulia, hapo kwenye nguzo ingia kushoto. Maria kasema kilichopungua akanyamaza. Na jibu alilopewa halikuwa tamu, aliambiwa saa yangu haijawadia, ila hakununa, aliwageukia watumishi akawaambia lolote atakalowaambia fanyeni. Hapo nilikwama wiki nzima. Ndo nikaanza kuomba maneno mawili yangu, sina furaha, amina, halafu naamka nafanya kilichopo mbele yangu, kufua, kuteka maji, na kwenda kumalizia vile vipimo vya kliniki nilivyokuwa navikwepa. Na hili nalisema kwa herufi kubwa, USIACHE DAWA wala kliniki kwa jina la imani, balasi halijai kwa kulikemea, mtu alienda kuteka.

Tafuta pia mtu wa kusoma naye asiyekuwa na haraka ya kukufariji. Mimi wangu alikuwa wa dini nyingine, na mpaka leo tukikutana bombani ananiuliza, enhee, hao vijana walilipwa?

Furaha haikurudi kwa kishindo. Ilirudi kama maji ya bomba letu, kwanza hewa, kisha matone machafu, halafu siku moja nikajikuta naimba nikiosha sufuria. Mtoto bado sijapata, nisikudanganye, na sijui kama nitapata. Ila benchi la nyuma nimelihama.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi, nikapewa kiti kizuri tu karibu na mbele. Chakula kilipoanza nikatoka nikazunguka nyuma jikoni, wasichana wanaosha sahani hawajanyanyua kichwa. Mmoja akaniambia, dada choo ni upande ule. Nikamwambia sitafuti choo, nipe ndoo, bomba liko wapi?