Kampuni ilipoacha kuwa hisani ya mtawala

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: nchi zilizotajirika ziliinuliwa na nini hasa, wafanyabiashara wake hodari au taasisi zake? Najua wengi watawaandikia majina ya matajiri. Mimi nasimama upande wa taasisi, na katika hizo nachagua moja ambayo naona haisemwi vya kutosha: haki ya mtu yeyote, hata asiye na jamaa serikalini, kuanzisha kampuni, kukusanya mtaji kwa watu asiojuana nao na kushindana na waliomtangulia, pasipo kumpigia mtawala magoti. Watu hodari hawajawahi kukosekana popote. Kilichokosekana mara nyingi ni ruhusa.

Chukua Venice, jiji la wafanyabiashara wa bahari huko Italia. Agosti mwaka 1073 watu wawili waliandikiana mkataba ambao maneno yake yamehifadhiwa mpaka leo. Giovanni Lissado anakiri kupokea lira 200 kutoka kwa Sevasto Orefice, naye anaongeza 100 za kwake. Kwa fedha hizo wanapata sehemu mbili katika merikebu, na Lissado anajifunga kusafiri na mali hiyo hadi Thebes, kule Ugiriki, kuifanyia biashara. Faida watagawana nusu kwa nusu. Mali yote ikipotea kwa bahari au kwa maadui, na jambo hilo likathibitika, hakuna atakayemdai mwenzake. Ikisalia kidogo, watagawana kwa kadiri ya walichoweka.

Msomaji anayeijua mudharaba, ubia wa biashara wa Kiislamu, atautambua mkataba huu mara moja, maana mudharaba ilikuwapo karne kadhaa kabla yake: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa jasho. Ila tazameni hesabu ya Lissado. Ameweka theluthi ya mtaji, anaondoka na nusu ya faida. Safari chache za heri zilitosha kumwinua kijana asiye na ukoo mkubwa, na kweli wengi waliinuka namna hiyo, hata majina mapya yakaanza kuonekana katika Baraza Kuu la jiji.

Ndipo wenye majina ya zamani walipoingiwa na hofu. Mwaka 1297 ulianza mchakato ambao wanahistoria wanauita Serrata, yaani kufunga: kiti katika Baraza Kuu kikawa cha familia zilizokwishaingia, kikarithiwa baba kwa mwana. Siasa ikishafungwa, biashara haikai wazi muda mrefu, na katika karne ya 14 biashara kubwa ya masafa marefu nayo ikawekewa masharti yaliyowapendelea walewale. Jiji liliendelea kung'aa kwa miaka mingi, sikatai. Lakini wajukuu wa kina Lissado walikuwa na akili ileile ya babu zao, walizaliwa kando ya bahari ileile, na njia aliyopitia babu haikuwa yao tena. Anayeamini kwamba uhodari wa mtu peke yake unatosha anieleze hapo kilibadilika nini, kama si kanuni.

Kulikuwa na kikwazo kingine kilichokaa karne nyingi, nacho ni kifo. Ubia wa sheria ya Kirumi ulivunjika mbia mmoja alipofariki, na mudharaba vivyo hivyo. Warithi wanakuja, kila mmoja na fungu lake, hesabu inafungwa na mtaji unatawanyika. Mfanyabiashara mwenye busara alichagua wabia wachache na safari fupi, kwa sababu kila jina lililoongezwa kwenye mkataba liliongeza uwezekano wa msiba kuuvunja. Wakfu ulidumu, lakini shabaha yake ilikwisha wekwa na mwanzilishi na haikuwa rahisi kuigeuza kadiri soko linavyogeuka. Katika dola ya Uthmaniya ilibidi kungoja hadi katikati ya karne ya 19 ndipo ikaja kampuni ya hisa ya Şirket-i Hayriye, iliyoendesha vyombo vya abiria kwenye mlango bahari wa Bosporus.

Waholanzi walikitatua kikwazo hicho mapema zaidi, nusu kwa kupanga na nusu kwa kujikuta. Mwaka 1602 Bunge lao liliipa Kampuni ya Mashariki ya India, VOC, hati ya ukiritimba wa biashara yote kuanzia Rasi ya Tumaini Jema kuelekea mashariki. Mjini Amsterdam daftari la wawekezaji lilifunguliwa nyumbani kwa mfanyabiashara Dirck van Os, na hadi linafungwa mwishoni mwa Agosti walikuwa wameandikishwa watu 1,143. Mmoja wao ni Neeltgen Cornelis, mtumishi wa humo humo ndani. Aliweka guilder 100. Hilo jina hunigusa kila ninapolikumbuka, kwa sababu daftari lilelile lilibeba matajiri wakubwa wa mji na lilimpokea yeye kwa kanuni moja nao. Mpango ulikuwa baada ya miaka kumi hesabu zifungwe na atakaye arudishiwe fedha zake. Kampuni haikufanya hivyo. Aliyetaka kutoka aliuza hisa yake kwa mwingine, mtaji ukabaki palepale. Watu walikufa na kurithiwa, kampuni ikaendelea.

Lakini ilikuwa bado kampuni ya hisani, na hisani hiyo ilikuja na ruhusa ya kujenga ngome na kupigana vita. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa kampuni huko Mashariki, aliongoza jeshi la kampuni kwenye visiwa vya Banda ili kungumanga yote iwe yao, na sehemu kubwa ya wakazi wakauawa, wakafa kwa njaa au wakachukuliwa utumwani. Atakayeandika habari za VOC kama hadithi ya ubunifu wa kifedha tu, akaliacha hilo, hajaandika historia. Ukiritimba wenye bunduki ulitajirisha wanahisa. Ukuaji wa uchumi wa watu wengi ni jambo jingine kabisa.

Uingereza ilichelewa, na kuchelewa kwake kunafundisha. Juni 1720, wakati hisa za Kampuni ya South Sea zikiwa bado zinapaa, Bunge lilipitisha sheria iliyokataza kampuni za hisa zisizo na hati ya mfalme au kibali cha Bunge. Wengi hudhani sheria ile ilikuja kuwaponya watu baada ya bei kuporomoka. Ilitangulia anguko, na South Sea yenyewe ilikuwa na faida nayo, kwa kuwa iliwaondolea washindani waliokuwa wakigombea fedha zilezile. Ilidumu hadi 1825. Katika miaka yote hiyo, iliyo miaka ya mvuke na viwanda vya pamba, wengi walijenga biashara zao kwa fedha za ukoo na za marafiki.

Mwaka 1844 ikaja sheria ya kusajili kampuni, 1855 ikaongezwa dhima yenye ukomo, yaani mwanahisa hadaiwi zaidi ya hisa zake kampuni ikianguka, na 1856 yakawa mambo mepesi: watu saba wakitia sahihi hati ya kampuni na kuisajili, kampuni imezaliwa. Hakuna mfalme, hakuna Bunge. Wapinzani walilia kwamba mnawapa matapeli ngao, na hawakukosea kabisa, maana matapeli waliitumia. Ila tusisahau hali ilikuwaje pasipo ukomo huo. Oktoba 1878 ilianguka City of Glasgow Bank, ambayo wanahisa wake walikuwa na dhima isiyo na mwisho. Walikuwa 1,819. Baada ya kudaiwa madeni ya benki hadi mali zao za nyumbani, waliobaki bila kufilisika walikuwa 254 tu. Kosa lao ni kumiliki hisa za benki ambayo vitabu vyake vilighushiwa na wakubwa wake. Kwa dhima ya namna hiyo, mwenye akiba ndogo akikataa kuikabidhi kwa watu asiowajua, nani atamlaumu?

Kuna watakaonijibu kwa China, nami nalikubali jibu hilo kwa sehemu. Mwaka 1904 serikali ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, ilitunga sheria ya kampuni kwa kuiga ya Japani na Uingereza, na wafanyabiashara wengi waliipita kando. Kuandikisha kampuni kulimaanisha kumwonyesha afisa hesabu zako, na hapakuwa na mahakama ya kukukinga na afisa huyohuyo. Sheria ya karatasi si taasisi. Kisha baada ya 1978 uchumi ulishika kasi kupitia biashara za vijiji na miji midogo, zilizokuwa chini ya serikali za mitaa, na sheria ya kampuni ikaja 1993, mwendo ukiwa umekwisha kuanza. Kwa hiyo sisemi kwamba karatasi ya msajili ndiyo chanzo cha kila kitu. Nasema lazima kuwe na kitu kinachomkinga mwenye mtaji na kumruhusu mgeni kuingia, kiwe na sura yoyote. Japani, kwa upande wake, kulikuwa na kampuni za hisa zilizoshikwa na watu walioziamini: mfanyabiashara Shibusawa Eiichi, aliyekwenda kuziona Ulaya mwaka 1867, alianzisha Benki ya Kwanza ya Taifa 1873 na akashiriki kuunda kampuni zinazokadiriwa kufikia 500.

Ninachokihofia zaidi ni kile kilichoipata Venice, yaani walioingia wanapogeuka na kuwafungia wengine. Boston hilo lilikaribia kutokea. Mwaka 1785 kampuni moja ilipewa hati ya kujenga daraja juu ya mto Charles na kutoza ushuru, na ikapata faida nzuri. Mwaka 1828 jimbo la Massachusetts likaruhusu daraja la pili, la Warren, karibu kabisa na lile la kwanza, ambalo lingekuwa la bure likisharudisha gharama zake. Wenye daraja la zamani wakaenda mahakamani wakidai kwamba hati yao, ingawa haikusema hivyo, ilimaanisha hakuna mwingine atakayejenga hapo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1837 Jaji Mkuu Roger Taney aliwakatalia. Alisema haki ambayo hati haikuitamka haiwezi kudhaniwa dhidi ya umma, na akaonya kwamba dai lao likikubaliwa, kampuni za zamani za barabara za kulipia zingeamka kutoka usingizini na kudai fidia kwa reli ambazo tayari mamilioni ya dola yalikuwa yamewekwa ndani yake.