Muulize Kocha: Chuma hakidai saa tatu kila siku

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wenye kazi na familia, wanaopenda vyuma na hawataki kuviacha. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua wengi wenu mko palepale alipo mwandishi wake.

Swali: Shikamoo Kocha. Nina miaka 38, nafanya kazi ofisini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Napiga vyuma tangu sekondari, na ndoto yangu siku zote imekuwa kupanda jukwaani kwenye mashindano ya kutunisha misuli. Kabla ya kuoa nilikuwa jimu siku sita kwa wiki, saa mbili na nusu kila siku. Sasa tuna watoto wawili, mdogo ana miezi saba. Wiki iliyopita mke wangu aliniambia, "Ukifika nyumbani nguvu zote umeshaziacha kwenye vyuma vyako." Wenzangu wa jimu nao wanasema kama siwezi kufanya kama zamani, bora niache kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hao wenzako, maana ndio wanaokupotosha. Msuli hauhesabu siku ulizoingia jimu. Unachojali ni kazi uliyoupa ndani ya wiki nzima, na kama ulipata muda wa kupona. Tafiti zimeonyesha kwamba seti kumi hivi kwa wiki kwa kila msuli (seti ni kunyanyua mara kadhaa mfululizo kabla ya kupumzika), zikifanywa kwa bidii, zinatosha kumkuza mtu vizuri. Kutunza kilichokwisha kujengwa ni kazi ndogo zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu wa miaka 20 hadi 35 walijenga misuli kwanza, kisha wakapunguziwa mazoezi hadi theluthi moja, na wengine hadi sehemu moja ya tisa, kwa wiki 32. Misuli yao ilibaki. Wazee wa miaka 60 hadi 75 katika jaribio hilohilo walibaki na nguvu, lakini unene wa misuli ukaanza kupungua. Kwa umri wako, basi, miezi kadhaa ya mazoezi machache haitakupotezea mengi. Kuacha kabisa ndiko kutakakokupotezea.

Dorian Yates wa Uingereza alitwaa Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la kutunisha misuli, mara sita mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1997, na alijulikana kwa mazoezi mafupi na makali, siku nne tu kwa wiki. Sikwambii uwe Yates. Nakwambia kwamba hata kileleni kabisa kuna waliofika bila kulala jimu.

Ratiba ninayokupa ni ya siku tatu, dakika hamsini kila siku. Dakika tano za kwanza pasha mwili kwa chuma chepesi cha zoezi lenyewe. Kisha chuchumaa na chuma mabegani, seti tatu za mara sita hadi nane. Hapo pumzika dakika mbili mpaka tatu kati ya seti, usijibane, maana zoezi hili ndilo linalobeba wiki yako. Baada ya hapo unganisha mazoezi mawili yanayopingana: lala kwenye benchi usukume chuma mara nane hadi kumi, pumzika dakika moja, inama uvute chuma kuelekea tumboni mara nane hadi kumi, pumzika dakika moja, rudi kwenye benchi. Kifua kikifanya kazi, mgongo unapumzika, na kwa njia hiyo umepata seti sita katika muda ambao wengi wanapata tatu. Dakika zinazobaki wape mabega, mikono na nyama za nyuma ya paja. Siku tatu kwa wiki zitakupa seti tisa za mapaja, tisa za kifua, tisa za mgongo.

Dakika hizo hamsini hazina simu wala maongezi. Kila mara chuma kinaposhuka, kishushe taratibu kwa sekunde mbili tatu, usikiache kianguke chenyewe. Acha seti pale unapohisi umebakiwa na nguvu za kunyanyua mara moja au mbili tu. Na uwe na daftari. Langu lina mstari mmoja kwa kila zoezi: tarehe, uzito, seti, mara. Nikifungua miaka ya nyuma naona wiki zilizoandikwa "mtoto ana homa, siku moja tu", na juu na chini yake uzito unaendelea kupanda. Nataka uuone ukurasa kama huo kwenye daftari lako mwenyewe, ndipo utaacha kuiogopa wiki mbaya.

Sasa tuje kwa shemeji. Soma tena maneno yake. Hajasema uache vyuma. Amesema unafika nyumbani ukiwa umekwisha. Hilo lina dawa mbili. Ya kwanza ni saa ya mazoezi: yahamishie alfajiri kabla nyumba haijaamka, au mapumziko ya mchana kama jimu iko karibu na kazini, ili jioni iwe ya nyumbani. Mimi nililea watoto watatu nikifanya kazi ya zamu kiwandani, na kwa miaka mingi nilikuwa na dambeli mbili chini ya kitanda kwa ajili ya siku ambazo zamu iliharibu mipango. Binti yangu mkubwa alijifunza kuhesabu mpaka kumi na mbili kwa kunihesabia, na nilipojaribu kuishia kumi alikuwa anakataa.

Ya pili ni kuipanga wiki pamoja. Kila Jumapili jioni kaeni, wewe na mkeo, muiandike: saa zako tatu za vyuma, na saa zake tatu za jambo analolipenda yeye. Zilingane. Saa zake zikifika, wewe ndiye unabaki na watoto, tena bila kumpigia simu kumuuliza nepi ziko wapi. Wanaume wengi huja kwangu wakiomba niwafundishe kuwashawishi wake zao. Sifundishi hilo. Mtu aliyekesha na mtoto mchanga hahitaji kushawishiwa, anahitaji kupumzishwa, na akishapumzika mnaweza kuzungumza kuhusu ndoto yako kama watu wawili wanaopendana.

Kuhusu jukwaa, jibu langu ni moja: si mwaka huu. Maandalizi ya shindano huchukua wiki 12 hadi 16, wakati mwingine zaidi. Unapunguza chakula mpaka mafuta ya mwili yabaki kidogo sana. Wiki za mwisho mtu analala vibaya, hasira ziko karibu, hamu ya tendo la ndoa inashuka, na akili yote iko kwenye sahani inayofuata. Kuyaleta hayo kwenye nyumba yenye mtoto wa miezi saba ni kumwonea mkeo. Lakini ndoto haina haja ya kufa. Mashindano mengi yana kundi la wakongwe, na kwa wanaume mara nyingi linaanzia miaka 40. Chris Dickerson alishinda Mr. Olympia mwaka 1982 akiwa na miaka 43. Shawn Rhoden naye alikuwa na miaka 43 aliposhinda mwaka 2018. Ronnie Coleman alipotwaa taji lake la kwanza mwaka 1998 alikuwa bado askari polisi mjini Arlington, Texas, kazini kama kawaida. Mwaka ambao mdogo wenu ataanza shule, kaeni tena Jumapili moja na mchague shindano pamoja. Mpaka hapo jenga mapaja na mgongo, kwa sababu hizo ndizo sehemu zinazochukua miaka, na una miaka.

Swali: Kocha, mimi ni nesi, miaka 51, wiki nyingine nafanya zamu za usiku. Nimetembea na kucheza aerobiki maisha yangu yote ila sijawahi kushika chuma. Nikiwaangalia wanawake wenye misuli natamani kuwa kama wao, lakini wanangu wanasema umri umepita. Je, wana haki?

Jibu: Hawana, dada yangu, na uwaambie nimesema hivyo. Mwaka 1990 lilichapishwa jaribio dogo lililofanyika Marekani katika nyumba ya kutunzia wazee. Watu kumi dhaifu, wenye miaka 90 hivi, walifanyishwa mazoezi ya uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani, na misuli ya mapaja ikanenepa. Kama mwili wa miaka 90 unaitikia, wa 51 utaitikia. Tena wewe unahitaji vyuma kuliko huyo kijana wa juu: hedhi inapokoma mifupa hupungua uimara kwa kasi, na mzigo juu ya mfupa ni moja ya vitu vinavyouambia ubaki imara. Ernestine Shepherd wa Marekani alianza mazoezi akiwa na miaka 56. Baadaye Guinness, kitabu cha rekodi za dunia, ilimtambua kuwa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote katika mashindano ya kutunisha misuli.

Anza siku mbili kwa wiki, na mwezi wa kwanza wote uwe wa kujifunza mwendo tu. Keti kwenye benchi na usimame ukiwa na dambeli kifuani, sukuma, vuta, beba uzito mikononi utembee. Misuli itapata nguvu mapema kuliko kano zinazoishikilia kwenye mfupa, kwa hiyo hata ukijisikia unaweza kuruka hatua, usiruke. Ongeza kilo moja au mbili pale tu seti zote zinapokuwa safi.

Kwenye zamu za usiku, usiende jimu ukitoka kazini asubuhi. Mwili umechoka, macho hayaoni vizuri, na hapo ndipo watu wanaumia. Nenda ulale kwanza, chumba kiwe giza, na ufanye mazoezi ukishaamka kabla ya kuingia zamu. Wiki ikikubana sana, bora ukose zoezi moja kuliko kukosa usingizi, kwa sababu usingizi ndio muda ambao mwili unakarabati ulichokifanyia kazi.

Chakula: lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako. Ukiwa na kilo 65 ni kama gramu 104 kwa siku. Zigawe kwenye milo minne, gramu 26 kila mlo. Wanawake wengi wa umri wetu wanakula protini ya maana mara moja tu kwa siku, na hapo ndipo kazi yao ya jimu inapopotea. Kama una presha, ugonjwa wa figo au kiungo chochote kinachouma, mwone daktari kwanza. Wewe ni nesi, hilo unalijua kuliko mimi.

Swali: Nina miaka 33, nimeoa mwaka jana na tunatafuta mtoto. Mtu wa jimu ameniletea sindano, anasema miezi mitatu nitakuwa na mwili ambao kwa mazoezi ya kawaida ungechukua miaka. Anasema dozi ndogo haina madhara.

Jibu: Mrudishie leo. Sikiliza inavyofanya kazi: ukiingiza homoni za kiume kutoka nje, ubongo unaona zimejaa na unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Korodani zinasinyaa, na mbegu zinapungua, wakati mwingine mpaka hazionekani kabisa kwenye kipimo. Ukiacha, zinaweza kuchukua miezi kurudi, wengine zaidi ya mwaka. Mnatafuta mtoto, na unaletewa kitu kinachofunga mlango huo. Juu ya hapo, lehemu (kolesteroli) mbaya hupanda na nzuri hushuka, msuli wa moyo unaweza kunenepa vibaya, na homoni hizo zikiwa za vidonge huumiza ini. Hiyo "dozi ndogo" hakuna aliyeipima. Hata kilichomo kwenye chupa huyo ndugu hakijui.

Nimewazika watu wa rika langu waliokuwa na miili mizuri kuliko wangu. Nasema hili kwa uchungu.

Kama umeshachoma, usiache kimyakimya wala usijitibu. Nenda kwa daktari, mwambie ukweli wote, pimeni homoni na mbegu. Ukitaka msaada halali, kreatini, kirutubisho cha wanamichezo, gramu 3 hadi 5 kwa siku imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na kwa mtu mwenye figo nzima ni salama. Itakuongezea mara moja mbili kwenye seti. Inayobaki ni kazi yako, na kwa miaka 33 muda bado upo.

Swali: Kijana wangu wa miaka 11 anataka kunyanyua vyuma na mimi nyumbani. Mama yake anaogopa atadumaa.

Jibu: Mtoe hofu mama. Mazoezi ya uzito yenye usimamizi hayadumazi mtoto. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha kitaaluma, wanayakubali kwa masharti haya: mtu mzima awepo, mwendo uwe sahihi, uzito uwe mdogo. Kinachoumiza watoto ni kujaribu uzito mkubwa kwa mashindano wakati hakuna anayewaangalia.

Mwanzishe kwa pushapu, kuchuchumaa bila kitu na kujivuta kwenye nondo huku ukimshikilia miguu. Akiweza kumi na tano safi, mpe dambeli nyepesi. Mara mbili kwa wiki, dakika ishirini. Vyuma vyako vifungie au viweke mahali asipoweza kuvifikia ukiwa kazini. Na akikwambia leo hataki, mwache aende akacheze mpira.