Nyimbo 60,000 kwenye diski ya sebuleni: nitumie programu gani kwenye Linux?

SWALI: Marehemu baba alituachia kanda na santuri nyingi za taarabu na dansi. Nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta kidogo kidogo na kuongeza zangu. Sasa zimefika kama 60,000, nusu FLAC (faili za sauti zisizopunguzwa ubora), nusu MP3, na zimo kwenye diski ya TB 4 iliyochomekwa kwenye kompyuta kuukuu sebuleni, nayo ina Debian. Mimi nasikilizia chumbani kwenye laptop yenye Linux Mint, kupitia wayafai. Programu ya muziki ninayotumia, Rhythmbox, inaganda, na kila nikiifungua inaanza kukagua nyimbo upya. Nihamie programu gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, pole. Jina la programu nitakutajia, ila tuanze na ugonjwa wenyewe, maana nimeona watu wakibadilisha programu tano na tatizo likabaki lilelile.

Wengi hudhani mtandao wao ni mdogo. Wala. FLAC ya ubora wa CD haifiki hata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wayafai ya nyumbani inaibeba bila taabu. Kinachokuchelewesha ni safari za kwenda na kurudi. Ili programu ijue wimbo ni wa nani, inabidi ifungue faili, isome tagi (jina la mwimbaji, albamu, mwaka), kisha iifunge na kwenda kwenye nyingine. Diski ikiwa ndani ya mashine yenyewe, hayo ni kufumba na kufumbua. Kupitia wayafai, tuseme kila faili inakula milisekunde 60 tu. Zidisha mara 60,000: saa nzima imekwisha na hujasikia hata wimbo mmoja. Halafu Rhythmbox huweka orodha yake yote ndani ya faili moja ya XML, rhythmdb.xml, na inabidi iisome yote inapofunguka. Kwa nyimbo elfu tatu hutaona tofauti. Kwa elfu sitini utaiona.

Kwa nini inakagua upya kila siku? Linux ina inotify, inayoiarifu programu kwamba faili fulani imebadilika. Lakini inotify huona yanayofanyika kwenye mashine yake tu. Ukiongeza kanda mpya pale sebuleni, laptop ya chumbani haina habari, kwa hiyo programu inalazimika kupita mlango kwa mlango.

Basi kazi ya kusoma diski mpe yule mwenye diski. Hapo ndipo MPD inapoingia, Music Player Daemon. Haina dirisha wala vitufe. Inakaa kimya nyuma, inatunza orodha, inapiga muziki. Isakinishe kwenye kompyuta ya sebuleni na kwenye faili lake la mipangilio, mpd.conf, andika:

music_directory "/srv/muziki"
bind_to_address "192.168.1.10"
auto_update "yes"

(Weka njia na anwani zako, na kwenye ruta ifungie kompyuta hiyo anwani isibadilike.) Sasa inotify inafanya kazi, kwa sababu MPD na diski wako nyumba moja. Ukiwa na spika sebuleni, kazi imekwisha: simu yenye programu ya M.A.L.P. inakuwa rimoti, na laptop yenye programu ya ncmpcpp vilevile.

Ila wewe unataka sauti itokee chumbani. Sakinisha MPD ya pili kwenye laptop, isiyo na orodha yake, iazime ya sebuleni:

database {
  plugin "proxy"
  host "192.168.1.10"
  port "6600"
}
music_directory "/mnt/muziki"

Hiyo /mnt/muziki ni folda ya sebuleni utakayoiunganisha na laptop kama nitakavyoeleza chini. Laptop haikagui chochote. Inauliza orodha, inapata jibu, inavuta wimbo mmoja uliouchagua. Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi, hata kama siku ya kwanza itakusumbua kichwa.

Kama unapenda kuona majalada ya albamu na huna hamu ya kuhariri mafaili ya mipangilio, chukua Strawberry. Ni programu ya muziki yenye dirisha, mjukuu wa Amarok kupitia Clementine, na orodha yake iko kwenye SQLite (kanzidata ndogo), hivyo haielemewi haraka. Ukaguzi wa mara ya kwanza ufanye kwa waya, usiku, ukalale. Kisha kwenye mipangilio zima ule wa kila inapofunguka, na uwashe chaguo la kuzihesabu nyimbo zilizopotea kuwa hazipatikani kwa sasa badala ya kuzifuta.

Chaguo hilo usilidharau. Mimi lilinikuta: mtoto alichomoa waya wa ruta achaji simu, na programu niliyokuwa natumia (jina nalihifadhi) ikaona folda tupu, ikahitimisha kwamba nyimbo zote zimefutwa, ikasafisha orodha. Waya uliporudi nyimbo zilirudi, lakini nyota nilizokuwa nimezipa kwa miaka na hesabu ya mara nilizozipiga hazikurudi.

Kwa njia zote mbili, usiingie kwenye folda ya mtandao kwa kubofya tu ndani ya kidhibiti mafaili. Imaunti rasmi, yaani iunganishe na mfumo, kwenye faili la /etc/fstab. Kwa NFS (njia ya Linux ya kushiriki folda kwenye mtandao) ni mstari mmoja:

192.168.1.10:/srv/muziki /mnt/muziki nfs ro,noauto,x-systemd.automount,_netdev 0 0

Ile ro ni ya kusoma tu, ili programu yenye wazimu isiguse kazi ya mzee. Na kanzidata ya programu iache kwenye diski ya laptop. SQLite juu ya NFS ni kujitafutia balaa la kufuli za mafaili.

Tagi nazo. Muziki wetu unazisumbua programu hizi kwa sababu wimbo una bendi na una mwimbaji, na mtu huyohuyo amepita bendi tatu. Weka bendi, mfano Mlimani Park Orchestra, kwenye sehemu ya msanii wa albamu, na mwimbaji kwenye sehemu ya msanii. Bila hivyo kanda moja itakatika vipande vinane kwenye orodha. Kwa kusahihisha kwa mkupuo natumia Ex Falso, inayotoka kwa waliotengeneza programu ya muziki ya Quod Libet. MusicBrainz Picard ni nzuri pia, ila kanda nyingi za zamani haitazitambua, utaandika kwa mkono. Kazi hii ifanyie sebuleni kwenyewe, si kupitia ile maunti ya kusoma tu.

Siku ukitaka kusikiliza ukiwa safarini, ongeza Navidrome, seva ya kukutumia muziki kupitia intaneti, kwenye mashine ileile ya sebuleni. Inasoma folda ileile bila kuigusa, na inaweza kuzibana FLAC ziwe nyepesi kabla ya kukutumia, bando lisiishe Chalinze. Bandari yake ya 4533 usiifungue moja kwa moja kwa intaneti, pitia WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani).