Kwa anayeanza kuandika hadithi ya mauaji: anza na uongo wa muuaji

Waandishi wengi wapya huanza na maiti. Huiandika vizuri: damu, ukimya wa nyumba, mama anayepiga ukelele. Kurasa thelathini baadaye hadithi inakwama, kwa kuwa mwandishi mwenyewe hajui nani aliua wala vipi. Anasubiri wahusika wamwambie. Katika hadithi ya mapenzi huenda ukafika hivyo. Katika hadithi ya upelelezi hufiki, kwa sababu msomaji akishamaliza atarudi nyuma kukukagua.

Kabla ya sentensi ya kwanza, andika ratiba ya muuaji, saa kwa saa, tangu siku moja kabla ya mauaji hadi maiti inapoonekana. Alikuwa wapi, nani alimwona, alivaa nini, alirudi kwa njia ipi. Pembeni ya kila saa andika atakachowaambia watu. Pale safu hizi mbili zinapoachana ndipo fumbo lako lilipo. Uongo mmoja mkubwa unatosha. Wasio na hatia nao wape uongo wao mdogo, kila mmoja akificha lake: deni, mchepuko, mzigo wa magendo. Hao ndio watakaompoteza msomaji. Kwa hadithi fupi ya maneno 3,000 washukiwa watatu wanatosha. Kwa riwaya ya maneno 60,000 watano au sita, na usizidishe, maana msomaji akianza kuchanganya majina hajali tena nani aliua.

Uongo wa muuaji uvunjwe na jambo ambalo mpelelezi wako analijua kwa kazi yake, na askari halijui. Mpelelezi asiye askari hana haki ya kuwemo hadithini kwa sababu nyingine yoyote. Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, ilisimama juu ya ujuzi huo wa dawa na sumu. Wewe tafuta ujuzi wa kwenu: fundi cherehani anayetambua mshono, muuza samaki anayejua samaki yupi huvuliwa usiku, mhudumu wa miamala ya simu anayekumbuka nani alitoa pesa lini.

Tuchukue mfano mmoja tuukamilishe. Kijiji cha mashariki ya Unguja, cha wakulima wa mwani, majani ya baharini yanayovunwa maji yakipwa. Mpelelezi ni Bi Mize, mkulima wa mwani wa miaka mingi. Meneja wa nyumba ya wageni, aliyehamia kutoka bara miezi miwili iliyopita, anasema kwamba saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ametembea kwa miguu hadi mwambani kupiga picha za jua likichomoza. Ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, mwezi mpevu. Askari aliyeandika maelezo naye amehamishiwa hapo karibuni, kwa hiyo hakushtuka. Bi Mize hawezi kukubali. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, Unguja maji hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne au saa tano. Saa kumi na mbili ya asubuhi hiyo, kati ya ufukwe na mwamba hupita ngalawa, hapapiti miguu ya mtu.

Tazama kwa nini mwongo lazima awe mgeni. Mvuvi wa pale asingesema uongo wa namna hiyo, na msomaji wa Makunduchi angekifunga kitabu hapohapo. Tazama pia hatari iliyojificha: kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Ukiyasogeza mauaji siku nne mbele bila kurekebisha saa, umekosea kwa zaidi ya saa tatu na fumbo lote limeanguka. Kwa hiyo andika tarehe ya mwezi mwandamo kwenye ratiba yako, usiishie kwenye tarehe ya kalenda ya ukutani.

Sasa vidokezo. Msomaji wa Dodoma au Kisumu hajui bamvua, na lazima apewe kila alichonacho Bi Mize, ila vipande vitengane. Sura ya pili, siku ileile ya mauaji, wanawake wanarudi saa sita na magunia ya mwani mbichi. Mmoja anasema maji yalikauka saa nne na kesho watachelewa zaidi kidogo. Sura ya nne, usiku wa kwanza wa matanga, mbalamwezi nzima inamulika ua. Sura ya sita meneja anatoa maelezo yake katikati ya ugomvi wa urithi, ili jicho la msomaji lifuate ugomvi. Kosa linalorudiwa sana ni kumfanya mtu amweleze mtalii habari za maji kujaa na kupwa kwa ukurasa mzima. Kidokezo kilichopewa ukurasa mzima kimeshajitangaza. Mstari mmoja unatosha, na uwekwe katikati ya aya, usiwe wa mwisho wake.

Kuhusu maiti yenyewe, msiige saa za vitabu vya Uingereza. Huko maiti iliyolala ndani ya chumba baridi hupoteza takriban nyuzi moja ya joto kwa saa, na mpelelezi hupiga hesabu kutoka 37. Usiku wa pwani msimu wa joto huweza kuwa na nyuzi 26 au 27. Mwili hupoa polepole na hesabu ile haifai. Kukakamaa huanza kwenye taya na shingo ndani ya saa chache, na joto huliharakisha jambo hilo na kulimaliza mapema. Damu hutuama upande wa chini wa mwili na kuacha rangi ambayo baada ya saa 8 hadi 12 haihami tena. Alama hii ya mwisho ndiyo rafiki wa mwandishi: maiti iliyokutwa kifudifudi ikiwa na rangi mgongoni imehamishwa, na mtu anayeutazama mwili kwa karibu anaweza kuiona.

Anayeiona mara nyingi ni muosha maiti. Katika jamii za Kiislamu mazishi hayacheleweshwi, na wanaoosha huona michubuko kabla ya daktari yeyote, pale familia inapoamini kwamba kifo ni cha kawaida. Marehemu akiwa mwanamke, Bi Mize anaweza kuwa mmoja wa waoshaji. Mkishazika, kufukua kunahitaji amri ya mahakama. Msimpe mpelelezi wenu jembe usiku wa manane.

Milango ya kuingilia nayo iwe ya kweli. Zanzibar apitie kwa sheha, Tanzania Bara kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, Kenya kwa chifu au mzee wa mtaa. Aliyeshambuliwa akapona huhitaji fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, PF3 Tanzania na P3 Kenya, na fomu hiyo ina tarehe ambayo huweza kumuumbua mtu.

Majini na mizimu viwepo kama hofu ya watu, visiwe jibu. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar, alilionyesha hilo tangu 1960 katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale: maiti inakutwa mzimuni, kijiji kina sababu ya kuogopa, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anatafuta mkono wa binadamu. Akampa pia Najum, rafiki anayeuliza maswali ambayo msomaji angeyauliza. Mbinu hii bado ni nzuri: Bi Mize apewe mpwa wake, aliye karibu kuona kila kitu, asiyeingia kichwani mwa shangazi.

Ukiandikia jukwaa, kidokezo kionekane kutoka kiti cha nyuma na kirudiwe mara mbili, kwa sababu mtazamaji hawezi kufunua kurasa. Kwa redio kiwe sauti: mawimbi yanayosikika karibu na mlango kwenye onyesho la alfajiri.

Rasimu ikikamilika, wape watu watatu, ukizuia sura ya mwisho. Waulize nani aliua na wamejuaje. Wote watatu wakimtaja meneja kwa sababu ya maji, punguza mstari wa sura ya pili. Wakimtaja kwa sababu tu ni mgeni, ongeza mgeni mwingine. Asipotajwa na yeyote, wape sura ya mwisho, kisha uwaombe wakuonyeshe ukurasa ambao ungewafumbua macho. Wakishindwa kuupata, kidokezo bado kimo kichwani mwako, hakijaingia kwenye hadithi.