Nani atanipa hela ya utafiti wangu?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Moshi, nina masta. Kila wiki naona wagonjwa wanakuja na homa, kipimo cha malaria kinatoka hasi na bado wanaondoka na dawa ya malaria. Nataka nichunguze homa za wafugaji, hasa brusela. Nimegugo granti mpaka macho yanauma, kila nikifungua nakuta mamilioni ya dola na masharti ya maprofesa. Mtu kama mimi naanzia wapi? – Msomaji, Pasua

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hicho unachokiona kina historia hapo hapo mjini kwenu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa kwamba ni malaria, ila vipimo vya kina vilipofanyika malaria ilikuwepo kwa 14 tu, asilimia 1.6! Kumbe wengi walikuwa na vitu vingine, na kati yake ni magonjwa yanayotoka kwa mifugo kama brusela, leptospira na homa ya Q. Matokeo yalichapishwa 2013 na yanasomwa bure mtandaoni.

Sasa tafuta hiyo makala uisome yote, halafu shuka mpaka mwisho kabisa pale wanapowashukuru waliotoa hela, maana ndipo wanapotaja mfadhili na mara nyingi hata namba ya granti. Chukua hiyo namba uiingize kwenye NIH RePORTER, ni hifadhi ya wazi ya miradi yote inayolipiwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani (NIH), utaona nani aliandika, alipewa kiasi gani, mwaka gani, na muhtasari wa alichoahidi. Kuna nyingine inaitwa World RePORT yenye wafadhili wengi kwa pamoja. Andika Tanzania, andika brusela kwa Kiingereza (brucellosis), kaa nayo jioni mbili tatu. Kugugo neno granti peke yake kunakuletea matangazo ya dunia nzima, lakini ukifuata nyayo za hela ambayo ilishafika Moshi unamjua mfadhili ambaye tayari anajali swali lako.

Kwa masta yako usikimbilie granti kubwa. Jumuiya ya Kifalme ya Tiba ya Tropiki ya Uingereza, wanaijua kama RSTMH, inatoa granti za watafiti wanaoanza, hadi pauni 5,000, na hiyo inakutosha kabisa kukusanya sampuli za vijiji vichache na kununua riejenti, yaani kemikali za kupimia. Nyumbani angalia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mfuko wao wa utafiti wa MTUSATE, fuatilia wanapotangaza. Kituo cha Fogarty, kilichoanzishwa 1968 ndani ya NIH, kimekuwa kikitoa granti ya K43 kwa watafiti chipukizi wa nchi kama yetu, nzuri sana, ila inataka uwe na shahada ya uzamivu (PhD) au ya udaktari wa tiba, kwa hiyo iweke kwenye mipango ya mbele.

Jambo linalowaumiza vijana wengi ni kwamba hela ya NIH haiji kwenye akaunti ya mtu, inakuja kwenye taasisi. Taasisi yako lazima iwe imesajiliwa SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani, na eRA Commons, mfumo wa NIH wenyewe, na usajili ule unaweza kula wiki kadhaa, sasa wewe unamaliza andiko usiku wa dedilaini halafu unaambiwa usajili umeisha muda, kazi yote imekwenda. Nenda ofisi ya utafiti mapema, hata kabla hujaandika sentensi moja, uwaulize usajili wetu uko hai?

Swali: Dada habari. Nimemaliza PhD Nelson Mandela hapa Tengeru, nafanya mambo ya maji na fluoraidi. Kuna mtu kwenye wasap anasema atanisajili kwa wafadhili wa Marekani nikimlipa laki tatu. Nimlipe? – Mama wa wawili, Usa River

Jibu: Usimlipe hata mia. Kujisajili SAM.gov ni bure, na NIH, Wellcome (shirika la hisani la Uingereza) au EDCTP (ushirika wa Ulaya na Afrika wa kufadhili majaribio ya tiba) hawamtozi mtu ada ya kuomba. Akikutumia linki usifungue.

Hela yako nenda kaitafute OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia. Wamekuwa wakitoa felo, yaani ufadhili wa utafiti, kwa wanawake wenye PhD ya sayansi kutoka nchi zilizo nyuma kisayansi, Tanzania ikiwemo, hadi dola 50,000 kwa miaka miwili, na unaifanyia kazi kwenye taasisi yako hapa hapa nyumbani. Na maji yenye fluoraidi ni shida ambayo watu wa chini ya Meru wanaiishi, meno ya watoto yenye madoa ya kahawia yanaonekana kila darasa, andika hivyo hivyo kwa uwazi, tafadhali usiifiche chini ya maneno makubwa.

Swali: Nimekataliwa granti tena, na mshirika wetu wa Marekani anasema sasa hawezi hata kutuweka kwenye granti yake. Kuna nini? – Mtafiti, Njiro

Jibu: Pole sana kaka. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea granti halafu kukata kipande kuwapa washirika wa nje, mpaka waweke mfumo mpya, na miradi mingi ya huku ilikuwa inaishi kwa vipande hivyo. Kwa hiyo hilo silo kosa la andiko lako. Muombe mshirika wako amwandikie afisa programu wa granti yake, yule mtumishi wa NIH anayeisimamia, aulize kinachoruhusiwa kwa sasa, na wewe pia unaweza kumwandikia afisa programu mwenyewe kwa imeili, hiyo kazi ipo kwa ajili hiyo na wanajibu. Wakati huo huo geukia Ulaya, EDCTP ilianza 2003 ikiwa na Afrika ndani yake, sasa hivi ni EDCTP3, na miito yao inataka washirika wa kutoka huku.

Kuhusu kukataliwa, omba maoni ya waliopitia, halafu rudi kwenye ukurasa wa malengo. NIH wanakupa ukurasa mmoja tu wa malengo, na mtu aliyechoka anaamua pale. Mpe mwenzako asiye wa fani yako ausome, akishindwa kukuambia unataka kujua nini, andika upya. Na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, anza kukifuatilia sasa, pamoja na mkataba wa kusafirisha sampuli kama zinatoka nje ya nchi, usisubiri hela ifike ndio uanze kuzunguka na mafaili.